Mlima wa kwanza wa mtoto: penseli, krayoni, penseli za rangi au rangi za maji?

Mtoto wa kaka yangu ana miaka sita. Asubuhi moja, Kibo kikiwa wazi kabisa mbele ya baraza letu hapa Moshi, nilimpa karatasi na penseli nikamwambia achore mlima. Akachora pembetatu mbili zenye ncha kali, jua likichungulia katikati yake, na ndege watano wa herufi V. Nikamwambia autazame mlima vizuri. Akautazama. Kisha akaongeza ndege wa sita.

Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nilianza hivyo hivyo, na nadhani wewe pia. Ila Jumamosi iliyofuata nilimpa krayoni nene badala ya penseli, na zile pembetatu zikalainika zenyewe, kwa sababu krayoni nene haina ncha ya kuchorea kitu kikali. Hapo ndipo nilipoanza kuangalia kila kifaa kinamfanyia nini mtu anayeanza, awe mtoto au mzazi aliyekaa pembeni akijifanya hachori. Wazazi wanaoniletea watoto huniuliza swali moja tu: "Nimnunulie nini?" Jibu langu limekuwa refu mno kulisimulia mlangoni, nikaona niliandike.

Nalinganisha vifaa vinne: penseli ya kawaida, krayoni za nta, penseli za rangi na rangi za maji. Simu na kishikwambi nimeviacha. Huko mtoto anafuta kosa kwa kidole kimoja, na hayo ni mazungumzo mengine.

Vipimo vyangu

Mfuko: bei yake, na kama kinapatikana duka la mtaani au mpaka uende mjini. Mkono: kinashikika na mtoto wa umri gani. Umbo: kinaonyesha vipi kilele, migongo na mabonde. Umbali: kinaweza kumfanya mtazamaji aamini kwamba mlima uko mbali na mgomba uko karibu? Kosa: ukikosea unafanyaje. Usafi: nani atafua nguo, na nani atasugua ukuta.

Katika sita hivi, umbo na umbali ndivyo vinavyoufanya mlima uwe mlima. Vingine ni vya maisha ya nyumbani, lakini usividharau. Kifaa kizuri ambacho mama anakificha juu ya kabati kwa sababu ya madoa hakimfundishi mtoto chochote.

Mlima tunaouchora

Nimechagua Kilimanjaro kutoka upande wa Moshi kwa sababu ndio ninaouona kila siku, na kwa sababu mlima huu unaikataa pembetatu. Kibo, chenye mita 5,895, ni kipana na kichwa chake kimelala kama bakuli lililopinduliwa. Mawenzi, mita 5,149, kimechongoka na kumegukameguka. Kati yao kuna uwanda mrefu ambao kwa mbali unaonekana kama umenyooka. Ukiwa Moshi unatazama kaskazini, kwa hiyo Kibo kiko kushoto na Mawenzi kulia. Anayeutazama kutoka Amboseli, Kenya, anaona kinyume. Mtoto wa Moshi anayenakili picha ya kalenda iliyopigwa upande ule atagombana na dirisha la kwao, na hakuna aliyekosea.

Mchoro wa msingi ni mmoja kwa vifaa vyote. Laza karatasi kwa upana. Robo ya chini iachie migomba na mapaa ya nyumba. Sasa piga mstari mmoja mrefu: unapanda polepole kutoka kushoto, unatulia juu ya Kibo, unashuka, unakwenda karibu sawasawa, unaruka meno matatu manne ya Mawenzi, kisha unateremka hadi ukingo wa karatasi. Hakikisha upana wa mlima unazidi kimo chake mara tatu au zaidi, maana wengi huuvuta kwenda juu ukawa kichuguu. Katikati ya mlima acha ukanda mtupu. Hayo ni mawingu, ambayo siku nyingi asubuhi ikisonga huja kukaa hapo, na kwa anayeanza ni msaada mkubwa kwa sababu yanaficha sehemu ngumu.

Rangi ya kijani isifike juu. Msitu unaishia karibu mita 3,000. Juu yake kuna vichaka vifupi, halafu mawe na vumbi, halafu barafu kidogo iliyobaki. Watoto wengi hupaka kijani mpaka chini ya theluji kana kwamba migomba inaota kileleni.

Kuhusu umbali, kanuni ni moja: kitu kikienda mbali kinapauka na kuelekea bluu, kwa sababu kati yako nacho kuna hewa nyingi inayotawanya mwanga. Aliyepita Mombo akaitazama Usambara, au aliyesimama Morogoro akaitazama Uluguru, ameshaliona hilo bila kufundishwa. Mgongo wa mbele ni kijani kilichokolea, wa nyuma yake ni bluu ya kijivu, wa mwisho unakaribia kufanana na anga.

Penseli ya kawaida

Mfuko. Hakuna cha bei rahisi zaidi, na HB ipo kila duka linalouza sukari na kiberiti. Tatizo ni kwamba HB peke yake inatoa kijivu tu, na mlima wote unakuwa wa rangi ya uji wa ulezi. Ongeza moja ya 4B au 6B kutoka steshenari. Herufi B maana yake ni penseli laini na nyeusi, yenye grafiti nyingi na udongo kidogo. H ni ngumu na hafifu. Karatasi yoyote inatosha, hata upande wa nyuma wa karatasi iliyokwisha kuchapwa.

Mkono. Miaka sita au saba na kuendelea, mtoto akishajua kuishika kwa vidole vitatu. Kabla ya hapo huishika kwa ngumi na kukandamiza mpaka ncha inakatika, halafu mnashinda mnachonga.

Umbo. Hapa penseli inavizidi vyote. Meno ya Mawenzi yanawezekana, na korongo zinazoteremka kutoka Kibo zinawezekana. Kinachohitajika ni jambo moja ambalo watoto hawaambiwi: jua liko wapi. Ukichora asubuhi kutoka Moshi, jua liko kuliani kwako, upande wa Mawenzi, kwa hiyo kila mgongo una giza upande wake wa kushoto. Laza penseli, tumia ubavu wa risasi badala ya ncha, tia kivuli upande wa kushoto wa kila mgongo. Theluji usiichore, iache karatasi ilivyo. Kwa hatua hiyo moja mlima uliokuwa bapa unavimba.

Umbali. Unapatikana kwa nguvu ya mkono: HB kwa kugusa tu kule nyuma, 4B kwa kukandamiza hapa mbele kwenye migomba. Mawingu yana mbinu yake. Sugua eneo la katikati kwa pamba mpaka grafiti isambae kama moshi, kisha kata kifutio kwa wembe (hiyo kazi ni ya mtu mzima) kipate kona mpya, na uvute mawingu kwa kufuta. Watoto hushangaa sana wakiona kifutio nacho kinachora.

Kosa. Linafutika, na hiyo ndiyo sifa ya penseli na ndiyo maradhi yake. Mtoto mwenye kifutio mkononi hachori, anafuta. "Shangazi, nimekosea tena." Nimeona Kibo kikifutwa mara saba mahali pamoja mpaka karatasi ikatoboka, na mtoto akalia, na ukweli ni kwamba Kibo cha kwanza ndicho kilikuwa kizuri. Siku hizi kifutio nakiweka mfukoni mwangu dakika kumi za kwanza. Kile chekundu kilichobandikwa nyuma ya penseli ni bora ukikate kabisa, kinakwaruza kuliko kufuta.

Usafi. Upande wa kiganja unakuwa mweusi na kuburura giza hadi angani. Weka kipande cha karatasi chini ya mkono. Nguo hazidhuriki.

Inamfaa mtu mzima anayetaka kujifunza kutazama, na mtoto mtulivu wa miaka minane au zaidi. Haimfai mtoto anayeuliza kila dakika "rangi iko wapi?"

Krayoni za nta

Mfuko. Bei yake ni nafuu na zipo nyingi, hasa shule zinapokaribia kufunguliwa. Tahadhari yangu ni moja: pakiti zote si sawa. Mwaka juzi nilinunua boksi sita kwa ajili ya watoto kutoka duka moja mjini, nikafika nyumbani nikagundua bluu yake haiachi kitu kwenye karatasi ila mng'ao, kama umesugua mshumaa. Nta ilikuwa nyingi, rangi hakuna. Sasa sinunui bila kupiga mstari mmoja kwenye karatasi palepale dukani. Muuzaji akikataa, nahamia duka la pili. Tena usiziache kwenye gari juani, zinashikana zikawa krayoni moja.

Mkono. Kuanzia miaka mitatu. Chagua zile nene. Krayoni ndiyo pekee kati ya hivi vinne inayovumilia ngumi na kukandamizwa.

Umbo. Hazichori vitu vidogo, na kwa anayeanza hilo ni jambo jema, kwa kuwa anaacha kuhangaika na kila jiwe na kuona mlima mzima. Mawenzi kwa krayoni kinatoka kama ukuta wa kijivu uliovunjika, na ndivyo kilivyo. Lakini ngoja nikuonyeshe kitu ambacho penseli haiwezi kukifanya vizuri hivyo. Toa krayoni ya kijivu kwenye ganda lake la karatasi. Weka mchoro wako juu ya sakafu ya saruji isiyo laini, au ukuta wa nje ambao haujapakwa rangi. Laza krayoni ubavu, sugua polepole sehemu ya miamba tu. Chembe za saruji zinajitokeza kwenye karatasi, na ghafla una mwamba wenye mikwaruzo na vishimo ambavyo hakuna mtoto angeweza kuvichora kwa mkono. Kwa msitu, weka majani yenye mishipa mikubwa chini ya karatasi, usugue kwa kijani. Siku niliyowafundisha hivi watoto walisugua kila kitu barazani, pamoja na malapa yangu.

Njia nyingine ni kupaka kijivu, juu yake nyeusi nzito, kisha kukwaruza kwa kijiti cha meno. Mikwaruzo inakuwa korongo.

Umbali. Hapa krayoni ni dhaifu. Ni vigumu kupata bluu iliyopauka, kwa sababu mtoto wa miaka minne hajui kugusa kidogo, anakandamiza. Unaweza kumpa krayoni iliyolazwa ubavu bila ganda, ambayo inatoa rangi nyepesi yenyewe, lakini usitegemee tabaka tano za Uluguru. Na umbali si amri. Edward Said Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam miaka ya 1960 kwa rangi za kupakia baiskeli, alipaka wanyama bapa, bila kivuli wala kina, na mtindo huo mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Waliomfuata huweka Kilimanjaro nyuma ya twiga kikiwa bapa vilevile, na hakuna anayelalamika. (Rangi zile zenyewe usimpe mtoto, harufu yake ni kali.)

Kosa. Halifutiki. Unalifunika, au unaligeuza kitu kingine: mstari uliopotoka unakuwa mto, doa linakuwa ng'ombe. Nimeona watoto waliokuwa waoga kwa penseli wakichangamka kwa krayoni, kwa sababu hakuna anayewangoja warekebishe.

Usafi. Mikono inabaki misafi. Kuta zako, hapana. Nta kwenye ukuta uliopakwa chokaa haitoki kwa maji, na ukisugua sana inatoka na chokaa yake.

Inamfaa mtoto wa miaka mitatu hadi saba, mtoto mwenye haraka, darasa lenye watoto wengi, na mtu mzima aliyezoea kujihukumu.

Penseli za rangi

Hizi nitazipitia upesi, kwa kuwa ziko katikati ya mambo yote.

Mfuko. Zinaanzia bei ya krayoni hadi bei ya kukushtua. Pakiti ya rangi kumi na mbili inatosha. Za bei ya chini sana zina risasi inayokatika ndani kwa ndani, hasa zikidondoka sakafuni. Unachonga, ncha inatoka mzima mzima, unachonga tena, inatoka tena, mpaka penseli imekwisha hujachora.

Mkono. Miaka sita na kuendelea, kama penseli ya kawaida.

Umbo. Zuri, chini kidogo ya penseli nyeusi kwa sababu giza lake si zito. Usitumie nyeusi kwa kivuli cha mlima. Tumia bluu iliyokolea juu ya kahawia, kivuli kinakuwa hai.

Umbali. Zuri sana, na kwa njia rahisi kuliko zote: ukishamaliza mlima, pitisha bluu nyepesi juu ya kila kitu cha mbali, kijani na kijivu na kahawia vyote, usiguse vya mbele. Mlima unarudi nyuma palepale.

Kosa. Linafutika nusu. Alama inabaki.

Usafi. Hakuna uchafu wowote isipokuwa maganda ya kichongeo.

Kasoro yake kubwa ni muda. Kujaza anga la karatasi nzima ya A4 kwa ncha nyembamba kunamchosha mtoto, na utaona anga limejazwa upande wa kushoto kwa bidii na upande wa kulia kwa mistari ya hasira. Ikate karatasi mara nne, achore mlima wa ukubwa wa kadi. Zinamfaa mtoto mvumilivu, safari ndefu ya basi (barabara ikiwa ya lami), na nyumba ambayo haitaki madoa.

Rangi za maji

Mfuko. Kisanduku kidogo cha vidonge vya rangi si ghali. Kinachogharimu ni karatasi. Karatasi ya kawaida ya fotokopi ina uzito wa gramu 80 kwa mita ya mraba. Ikilowa inajikunja kama chapati iliyosahauliwa kwenye kikaango, maji yanakusanyika mabondeni, na mlima unakuwa madimbwi. Karatasi ya rangi za maji yenye gramu 200 hadi 300 haipatikani kila mji. Manila nene ni mbadala unaovumilika. Bandika pembe zote nne kwenye ubao kwa selotepu kabla hujagusa maji. Brashi mbili zinatosha, moja pana na moja nyembamba, na zile ndogo za plastiki zinazokuja ndani ya kisanduku mara nyingi zinafaa kupakia gundi tu.

Mkono. Mtoto wa miaka mitano anaweza, kama mtu mzima yuko naye. Brashi yenyewe haihitaji nguvu, inahitaji kungoja, na kungoja ndiko kunakomshinda.

Umbo. Wastani. Meno ya Mawenzi yanavimba na kuchanganyika na anga kama anga bado bichi. Chora mstari wa mlima kwa penseli kwanza, bila kukandamiza.

Umbali. Hapa ndipo rangi za maji zinapolipa gharama yake. Chukua bluu kidogo, maji mengi, mpaka kwenye karatasi isionekane kama rangi bali kama kivuli cha rangi. Paka mgongo wa mbali kabisa, kutoka kilele hadi chini ya karatasi. Ngoja ukauke. Kweli ukauke, uguse kwa mgongo wa kidole, kama ni baridi bado haujakauka. Kwa jua la Januari hapa kwetu unakunywa nusu kikombe cha chai, kwa masika unamaliza birika. Rudi na bluu ile ile, maji yamepungua, paka mgongo wa pili, chini kidogo ya wa kwanza. Ngoja. Wa tatu ongeza kijani. Wa nne kijani na kahawia kidogo. Mara nne hivi, na unazo tabaka za milima ambazo kwa penseli zingekuchukua mchana mzima. Usambara au Uluguru ni bora kwa zoezi hili kuliko Kilimanjaro, kwa sababu ni migongo juu ya migongo. Kumbuka kwamba rangi ikikauka inapauka, kwa hiyo ile unayoiona imezidi kidogo ikiwa mbichi ndiyo sahihi.

Mambo mawili yanawaharibia watu. La kwanza ni kuanza na rangi nzito. Huwezi kuirudisha iwe nyepesi, wakati nyepesi unaweza kuizidisha siku zote. La pili ni maji machafu. Weka vikombe viwili, kimoja cha kusuuzia na kimoja cha kuchovya, la sivyo baada ya robo saa kila rangi yako ni ya mfereji.

Nyeupe haipakwi. Theluji ya Kibo ni karatasi uliyoiacha, na mtoto anayejaza karatasi kwa furaha ataipaka theluji bluu kabla hujafungua mdomo. Dawa yake iko hapo chini.

Kosa. Ukiwahi, unafyonza kwa tishu au kitambaa kikavu, na pengine alama ya tishu inabaki nzuri kama wingu. Ukichelewa, basi.

Usafi. Maji yatamwagika. Sijasema yanaweza. Chorea nje au tandika magazeti. Faida yake ni kwamba nyingi za watoto hutoka kwa sabuni.

Ukishafunga kisanduku, kiache kikauke wazi kwanza. Rangi hizi, zikitengenezwa kwa njia ya zamani, ni unga wa rangi uliofungwa kwa gundi ya miti ya jamii ya mgunga, ndiyo maana tone la maji huziamsha hata baada ya mwaka. Zikifungiwa mbichi kwenye joto la pwani zinaota ukungu.

Zinamfaa anayependa ukungu na hali ya hewa kuliko maelezo madogo, mtu mzima anayetaka kutulia jioni, na mtoto mwenye mtu wa kukaa naye.

Ukichanganya viwili

Watu hudhani lazima wachague kimoja. Mchanganyiko ninaoupenda kuliko vyote ni krayoni nyeupe na rangi za maji. Mpe mtoto krayoni nyeupe apake kofia ya Kibo na ukanda wa mawingu, akandamize sana. Haoni kitu, karatasi ni nyeupe na krayoni ni nyeupe, na ataanza kukutilia shaka. Kisha mwambie apitishe brashi yenye bluu nyingi juu ya karatasi nzima, bila kukwepa popote. Nta inakataa maji. Theluji inajitokeza mbele ya macho yake, matone ya bluu yakiteleza pembeni. Mara ya kwanza nilipowafanyia hivi, mtoto wa kaka yangu aliniuliza kama naweza kumrudishia karatasi tupu aone tena.

Penseli ya kawaida chini na penseli za rangi juu ni mchanganyiko mwingine salama, ila futa grafiti ibaki hafifu, vinginevyo njano ya jua inakuwa ya kijani chafu.

Kwa hali yako

Kama mtoto ana miaka mitatu hadi mitano, anza na krayoni nene, na kama una nafasi nje, ongeza brashi moja na bluu moja. Penseli inaweza kungoja.

Kama ana miaka sita hadi minane na anachora pembetatu, mpe krayoni kwa mwezi mzima, kisha penseli za rangi. Akianza na penseli nyeusi pembetatu zitaendelea. Kama ana miaka tisa au zaidi na anakasirika kwamba mlima wake "haufanani", sasa ndiyo zamu ya HB na 4B, na lile somo la jua na kivuli.

Kama wewe ni mwalimu mwenye watoto hamsini na mabomba hayatoi maji, krayoni na sakafu ya saruji vitakutosha kipindi kizima. Kama nyumba ni ya kupanga na mwenye nyumba ni mkali, penseli za rangi.

Kama ni wewe mwenyewe, mtu mzima, hujashika penseli tangu darasa la saba, jiulize unachokipenda mlimani. Ukipenda miamba na makorongo, nunua penseli mbili na daftari la kuchorea. Ukipenda ukungu wa asubuhi, nunua bluu moja, kahawia moja, brashi moja pana na karatasi nzuri tatu, usinunue kisanduku cha rangi ishirini na nne.

Na kama mtoto, baada ya yote haya, bado anang'ang'ania pembetatu, mbadilishie mlima. Ol Doinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania karibu na Ziwa Natron, ni volkano yenye umbo la pia, mita 2,962, na pembetatu inautosha vizuri. Kileleni ana haki hata ya kuupaka weupe bila theluji, kwa sababu lava yake ya ajabu hutoka ikiwa nyeusi na kugeuka nyeupe ikikutana na unyevu wa hewa. Ndege wake wa V mwachie.